Mlango wa soko la hisa hufunguliwa mkubwa anapotoka

Hudhuria semina yoyote ya masoko ya mitaji jijini Nairobi na utasikia wimbo uleule: Mkenya wa kawaida hanunui hisa kwa sababu hana elimu ya fedha. Anakimbilia ploti Kitengela, chama cha kila mwezi, Sacco ya kazini, na siku hizi mifuko ya akiba inayoingia kwenye simu. Dawa inayopendekezwa nayo haibadiliki. Warsha ziongezwe, vijitabu vichapishwe, matangazo ya redio yarushwe kwa lugha za mama.

Mimi naona huyu mgonjwa anatibiwa maradhi ambayo hana. Mkenya wa kawaida alishakwenda sokoni, tena alikwenda kwa wingi uliowashangaza wenye soko. Alikwenda na mshahara wake, na mkopo wa benki, na pesa za ndama aliyeuzwa kabla hajakomaa. Kilichomtoa ni yale aliyoyakuta huko ndani, na historia ya Soko la Hisa la Nairobi inaeleza vizuri kwa nini aliyakuta.

Biashara ya hisa Nairobi ilianza katika miaka ya 1920, koloni likiwa bado changa na hesabu za rupia zikiwa zimetoka tu kutupwa. Hapakuwa na jengo wala sheria. Wahasibu, mawakili, madalali wa mnada na wa nyumba walikutana wakipiga gumzo na kahawa, wakaulizana bei, wakakubaliana kwa neno la mdomo. Hoteli ya New Stanley ndiyo inayotajwa kuwa kikao chao, na mpaka leo hoteli hiyo ina baa inayobeba jina la kumbukumbu hiyo. Uuzaji wa hisa ulikuwa kazi ya pembeni, ya kujazia mapato ya kazi nyingine.

Mwaka 1951 Francis Drummond, aliyekuwa dalali wa majumba, alianzisha kampuni ya kwanza ya udalali wa hisa kama kazi kamili. Alimwendea Waziri wa Fedha wa koloni, Sir Ernest Vasey, na kumshawishi kwamba Afrika Mashariki ilihitaji soko lake. Mwaka 1953 wawili hao walipeleka hoja London, wakakubaliwa, na mwaka 1954 soko likasajiliwa chini ya sheria ya vyama. Ndiyo, sheria ileile inayosajili vilabu na vikundi. Kisheria, basi, soko la mitaji la Kenya lilizaliwa likiwa klabu ya madalali. Bei zilipangwa kwa simu, na wanachama walifahamiana kwa majina. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kufanya biashara humo mpaka uhuru ulipofika. Mwaka huohuo wa 1954 maelfu ya watu wa Mlima Kenya walikuwa vizuizini, na Nairobi ilikuwa imesombwa na msako mkubwa wa wanajeshi. Nalitaja hilo kwa sababu vitabu vya soko hulipita kimya, kana kwamba kahawa ile ilinywewa katika nchi nyingine.

Uhuru uliwatisha wenye mitaji, biashara ikadorora, kisha ikafufuka walipoona Mzee Kenyatta hana nia ya kutaifisha. Katika miaka ya 1960 Nairobi ilikuwa soko la kanda nzima. Hatifungani za serikali za Tanzania na Uganda ziliorodheshwa hapo pamoja na za Kenya, na kampuni za nchi zote tatu zilitafuta mtaji mahali pamoja. Leo tunaitisha mikutano isiyokwisha kujadili namna ya kuunganisha masoko ya hisa ya Afrika Mashariki, ilhali tulikuwa nayo yakiwa yameungana, tukayavunja wenyewe. Februari 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki. Uganda ikafuata njia yake yenye fujo zaidi. Kenya nayo mwaka 1975 ikatoza kodi ya asilimia 35 kwa faida ya kuuza mali ya mtaji, kodi iliyodumu mpaka 1985. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa mwaka 1977, kampuni za majirani zilikuwa zinatoka au zimekwisha kutoka. Tanzania ilikaa bila soko lake mpaka Aprili 1998, Dar es Salaam ilipoanza na kampuni moja tu, TOL ya kutengeneza gesi. Uganda ilianza kununua na kuuza mwaka huohuo.

Huku Nairobi, Waafrika walioingia sokoni katika miaka hiyo walikuwa wachache wenye vyeo. Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliwaruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara, na aliyekuwa na ofisi akapata pia mkopo, na kwa mkopo akapata hisa. Rangi ya wanachama ilibadilika. Klabu haikubadilika.

Sasa tufike mahali panapohusu mfuko wa msomaji.

Mwaka 1988 serikali iliuza asilimia 20 ya Benki ya Biashara ya Kenya, KCB, kupitia soko la hisa. Hayo yalikuwa mauzo ya kwanza ya aina yake, na yalifanywa wakati wafadhili wa nje wameshikilia mikopo mkononi na kudai mashirika ya umma yauzwe. Sheria ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ilipitishwa mwaka uliofuata, 1989. Tazama mpangilio huo: mauzo kwanza, mlinzi baadaye. Mwaka 1991 soko liligeuzwa kuwa kampuni, likahama Stanley, na madalali wakaanza kupaza sauti za bei ukumbini wakiwa na makoti yao na ubao mbele yao.

Februari 1994 kipimo cha hisa 20, kilichoanzia 100 mwaka 1966, kilifika 5,030. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, likalitangaza soko la Nairobi kuwa lililofanya vizuri kuliko yote duniani, kwa faida ya asilimia 179 ikihesabiwa kwa dola. Nairobi ilijivuna. Lakini huo ndio wakati kashfa ya Goldenberg ilikuwa imeitafuna hazina, shilingi imeanguka, na mfumuko wa bei umetoka tu kuzidi asilimia 40. Sehemu ya ule mlima ilikuwa shilingi iliyoanguka sana kisha ikajikwamua, na pesa za wageni walionusa kwamba vizuizi vya fedha za kigeni vinaondolewa. Mama mboga wa Gikomba hakuwa na habari kwamba anaishi katika nchi yenye soko bora duniani.

Aliyemleta Mkenya wa kawaida sokoni kwa mara ya kwanza ni Kenya Airways. Mwaka 1996, baada ya KLM kuchukua asilimia 26, hisa ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.25, na zaidi ya watu 110,000 wakawa wenyehisa. Ilikuwa fahari kumiliki kipande cha ndege. Mwaka 2001 ikaja kampuni ya sukari ya Mumias, kwa shilingi 6.25 kila hisa, na wakulima wa miwa wa Magharibi waliokuwa wakiiuzia miwa wakawa wenye kiwanda. Nilipenda wazo hilo wakati ule na ningali nalipenda. Mkulima kumiliki kiwanda kinachosaga miwa yake ni jambo la haki.

Kisha ikaja miaka mitatu iliyojenga na kuubomoa uhusiano wa Mkenya na soko lake, na hapa sina haraka.

Aprili 2006 serikali iliuza asilimia 30 ya KenGen, kampuni yake ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90 kila hisa. Foleni zilitoka nje ya milango ya benki. Watu walitoa pesa kwenye akaunti za karo. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tatu, na siku ya kwanza ya kuuzwa sokoni bei iliruka zaidi ya mara tatu. Hapo nchi ilipata somo, na somo lilikuwa baya: kwamba hisa za serikali ni pesa ya bure, ukinunua Jumatatu unauza Jumatano. Hakuna afisa aliyesimama kulikanusha, kwa kuwa mauzo mengine yalikuwa njiani na msisimko ulihitajika. Tukumbuke pia kwamba miaka hiyohiyo ndiyo ya michezo ya piramidi iliyosomba akiba za waumini na walimu mashambani. Nchi nzima ilikuwa na homa.

Kuna jambo ambalo matangazo ya KenGen hayakulisema kwa sauti. Hisa zile zilikuwa za serikali, na pesa zilizolipwa ziliingia Hazina. KenGen haikupata hata shilingi ya kuchimba kisima cha mvuke Olkaria. Kazi ya msingi ya soko la hisa, ile inayofundishwa darasani, ni kuchukua akiba ya wengi na kuipeleka kwenye kampuni inayotaka kukua. Mauzo yetu makubwa yalikuwa ya mwenye mali kumkabidhi mwananchi mali na kuondoka na pesa.

Kipimo cha hisa 20 kilipita 6,100 Januari 2007. Mwezi uliofuata kampuni ya udalali ya Francis Thuo na Wenzake ikaanguka. Thuo alikuwa miongoni mwa madalali wa kwanza Waafrika, kwa hiyo anguko hilo lilikuwa na uchungu wa namna yake. Machi 2008 ikafuata Nyaga, iliyokuwa na maelfu ya wateja wadogo, ikawekwa chini ya usimamizi maalumu. Wateja walilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini yao. Kisha ikawa zamu ya Discount Securities, na humo mlikuwa na pesa za Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, yaani pesa za uzeeni za wafanyakazi. Mfuko wa fidia wa CMA wakati huo ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa kila mwekezaji. Aliyepoteza milioni alipewa 50,000, baada ya kungoja.

Sasa weka tarehe pamoja. Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi mwanzoni mwa Machi 2008. Mwafaka wa Kibaki na Raila, uliozima moto wa baada ya uchaguzi, ulitiwa saini Februari 28. Na Machi 28, watu wangali kwenye mahema ya wakimbizi, serikali ilianza kuuza hisa za kampuni ya simu ya Safaricom.

Hisa bilioni 10. Shilingi tano kila moja. Robo ya kampuni yenye faida kubwa kuliko zote nchini. Upande wa Raila ulikuwa umepinga, ukidai kwanza ijulikane ni nani wenye Mobitelea, kampuni ya siri iliyopata sehemu ya umiliki wa upande wa Vodafone. Swali halikujibiwa, mauzo yakaendelea. Mabenki yakatangaza mikopo ya kununulia hisa, fomu zikatembezwa hadi vijijini. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Maombi yakawa zaidi ya mara tano ya zilizokuwapo.

Hesabu iliyofuata ndiyo elimu ya fedha ambayo Wakenya wanayo, hata kama wanasemina hawaijui. Mwananchi aliyekopa 10,000 alipata kama moja ya tano ya alichoomba, hisa 400 hivi, za shilingi 2,000. Pesa zilizobaki zilirudishwa kwake, lakini zilichelewa, na benki haikuacha kuhesabu riba kwa sababu dalali bado anaandika hundi. Juni 9 hisa zilianza kuuzwa, zikapanda zikapita saba kwa muda mfupi, na waliokuwa karibu na skrini wakauza. Wa Kisii na Kitui walikuwa bado wanatafuta namba ya akaunti yao. Kufikia mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya tano kwa mbali. Gawio la mwaka 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa. Mwenye hisa 400 alipata shilingi 40 kabla ya kodi, na nauli ya matatu kwenda kuweka hundi hiyo benki ilizila zote.

Mtu aliyepitia hayo humwambii neno "uwekezaji" akakuelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Najua jibu la wataalamu, nami nalikubali kwa sehemu. Wanasema aliyevumilia alishinda: Safaricom ilipita shilingi 40 mwaka 2021, na yule wa hisa 400 angekuwa na zaidi ya 16,000 kutoka 2,000, mbali na gawio la kila mwaka. Kweli. Lakini hisa hiyohiyo ilifunga mwaka 2023 chini ya 15, na mwenye kuvumilia hakuambiwa ashuke kituo gani. Halafu Safaricom ndiyo iliyofanya vizuri. Tazama wenzake. KenGen ya 11.90 ilifunga mwaka 2023 ikiuzwa shilingi mbili. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu Septemba 2019, hisa zikafungiwa, na mkulima aliyemiliki kiwanda akabaki na karatasi, huku miwa yake ikikauka shambani. Kenya Airways ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7 mwaka 2015, na katika mpango wa kuinusuru mwaka 2017 serikali ikachukua asilimia 48.9 na mabenki 38.1 badala ya madeni yao, umma ukaachiwa chini ya asilimia tano. Hisa zilizuiwa kuuzwa Julai 2020 zikiwa shilingi 3.83, zikafunguliwa Januari 2025. Mstaafu aliyetaka kuziuza amlipie mtoto karo katika miaka hiyo minne na nusu alijibiwa kwamba soko limefungwa kwa manufaa yake.

Hata kampuni za watu binafsi zilikuja kwa mtindo huohuo. Home Afrika iliorodheshwa mwaka 2013 kwa shilingi 12 na ikashuka hadi chini ya shilingi moja. Deacons, wauza nguo, waliorodheshwa mwaka 2016 na kufikia 2018 walikuwa mikononi mwa msimamizi wa ufilisi. Oktoba 13, 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu siku ileile hatifungani yake ya shilingi bilioni mbili ilipotarajiwa kuanza kuuzwa sokoni. CMA ilikuwa imeiidhinisha. Benki Kuu ilikuwa inaikagua. Wakaguzi wa hesabu walikuwa wametia saini.

Kwa hiyo nauliza: ni somo gani la warsha lingemwokoa mnunuzi wa hatifungani ile, ikiwa wasomi wote hao watatu hawakuliona shimo?

Ipo kampuni moja ambayo historia yake inakwenda kinyume, na ni ya kuitazama kwa makini. Equity ilianzishwa mwaka 1984 kule Kangema, Murang'a, ikiwa chama cha ujenzi kinachokusanya akiba za wakulima wa chai na wachuuzi. Mwaka 1993 Benki Kuu iliona kwamba kwa vipimo vyote imefilisika. James Mwangi akaingia mwaka huo, wakabadili mwendo, wakawafuata watu ambao mabenki makubwa yaliwafukuza kwa kudai kianzio kikubwa cha akaunti. Wafanyakazi na wateja wakawekewa hisa mikononi. Ikawa benki kamili mwaka 2004, na Agosti 2006, ilipoorodheshwa, haikuuza hisa hata moja kwa foleni. Iliingia sokoni na wenyehisa wake iliokuwa nao, wengi wao watu wa kawaida, ikiwa bado inakua. Mwananchi alikuwa ndani kabla ya mlango kufunguliwa, na wakubwa hawakuwa wakitoka. Utajiri uliofuata uliwafikia watu ambao Stanley isingewauzia hata kikombe.

Kama kuna kanuni ya kutoa katika miaka sabini ya soko hili ni hiyo. Kwa kawaida mwananchi hualikwa pale mwenye mali anapotaka kupunguza mzigo: serikali yenye pengo la bajeti, mwanzilishi aliyechoka, mfadhili wa nje aliyefikia muda wake. Kampuni nzuri, zinazokua, za familia zilizojua kuficha hesabu, hazioni sababu ya kuja. Tangu Safaricom hatujaona kampuni nyingi changa na nzuri zikibisha hodi. Badala yake tumeona zikiondoka. KenolKobil ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019, na Bamburi, kiwanda kilichochimba mawe ya pwani ya Mombasa na kukaa sokoni tangu 1970, kilichukuliwa mwaka 2024 na Amsons, kampuni ya familia kutoka Tanzania. Namwonea fahari Mtanzania, nasema kweli. Nusu karne baada ya Azimio, mtaji wa Dar umevuka Namanga kuja kununua kilichokuwa kiburi cha Nairobi. Kinachonisikitisha ni kwamba kampuni inapoondoka hakuna nyingine inayochukua kiti chake.

Na mshindani mkubwa wa hisa ni serikali yenyewe. Februari 2024 Hazina iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Iliomba shilingi bilioni 70. Watu wakaleta zaidi ya bilioni 280. Yeyote anayesema Wakenya hawana pesa au hawajui hesabu aisome tena sentensi hiyo. Walijua kabisa: kwa nini nihangaike na mkurugenzi wa kiwanda nisiyemfahamu, ilhali serikali inanilipa 18 bure? Ni hao hao waliopuuza M-Akiba, ile hatifungani ya simu ya mwaka 2017 iliyouzwa kuanzia shilingi 3,000 na haikufikia lengo lake. Riba ya M-Akiba ilikuwa asilimia 10 wakati Sacco nyingi zililipa kama hizo na juu yake kukopesha mara tatu ya akiba. Mwananchi alilinganisha, akachagua.

Sisemi Sacco na ploti ni salama. Ploti hewa zimewaliza wengi, na kashfa ya muungano wa Sacco, KUSCCO, ilionyesha kwamba hata ushirika huliwa na waliopewa kuulinda. Lakini mwenye Sacco humfahamu mwenyekiti wake, humchagua, humzomea mkutanoni. Mwenye ploti hukanyaga udongo. Mwenye hisa 400 haitwi kitu. Mkutano mkuu wa mwaka, ambao zamani angalau ulimpa soda na mwavuli, siku hizi hufanywa mtandaoni, na swali lake huandikwa mapema kwa ujumbe mfupi usiojulikana nani atausoma.

Kuna mabadiliko ya kweli, na nisipoyataja nitakuwa mwongo. Vyeti vya karatasi vilivyokuwa vikipotea au kughushiwa viliondolewa baada ya hifadhi ya kielektroniki kuanza mwaka 2004. Kelele za ukumbini zilikwisha 2006, kompyuta ikachukua kazi. Mwaka 2025 soko liliruhusu mtu kununua hata hisa moja, badala ya kulazimishwa 100. Bei zenyewe zimepanda sana tangu 2024. Hata hivyo kile kipimo cha hisa 20, kilichokuwa 5,030 mwaka 1994, kilifunga mwaka 2023 kikiwa karibu 1,500. Najua hakihesabu gawio na kampuni zilizomo zimebadilika. Lakini miaka thelathini ni maisha ya kazi ya mtu, kutoka ajira hadi pensheni, na kipimo ambacho serikali ilikitumia kujisifu kilibaki na chini ya thuluthi moja ya kilivyokuwa.

Jambo ambalo halijabadilika vya kutosha ni adhabu. Kesi ya kwanza kubwa ya kutumia siri za ndani kununua na kuuza hisa, iliyotokana na sakata la maduka makubwa ya Uchumi, ilimalizika kwa washtakiwa kuachiliwa. Wakurugenzi wachache wa Uchumi walitozwa faini na kupigwa marufuku mwaka 2018, maduka yakiwa yamekwisha kubaki rafu tupu. Tangu Thuo ianguke, nimengoja nione dalali au mkurugenzi akinyang'anywa jumba la kifahari ili mteja mdogo arudishiwe chake chote. Faini za CMA hutangazwa, na mwenye hasara husoma habari gazetini kama mimi na wewe.

Kwa hiyo pesa za warsha zingefanya kazi bora zaidi mahali pengine. Ziwaajiri wapelelezi wa hesabu na mawakili wa kuwafuata wezi mpaka nyumbani. Kikomo cha fidia kifungamanishwe na gharama ya maisha, kiongezeke kila mwaka bila kungoja waziri. Kampuni ya umma ikiuzwa, sehemu ya pesa iingie katika kampuni yenyewe, mgao wa wadogo ujazwe kwanza kabla ya wa mifuko ya nje, na riba ya pesa zinazocheleweshwa ilipwe na anayezichelewesha. Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji mwananchi afundishwe lolote.

Waziri wa Fedha atakuja tena. Bajeti ina pengo, madeni yanaiva, na mashirika ya umma yangalipo ya kuuzwa. Atakuja na fomu nzuri na wimbo wa kumiliki utajiri wa nchi yako. Usimfukuze, maana huenda safari hii mali ni nzuri. Muulize tu, kabla ya kutia saini, pesa zako zinaingia kwenye kampuni au zinaingia Hazina, na dalali wako akifilisika kesho utalipwa kiasi gani na lini. Akishindwa kukujibu, peleka hiyo 10,000 kwenye Sacco.